Tuhesabu saa za msimamizi kabla ya kumkataa mwanafunzi

Programu za akili mnemba zinazoandika barua, kufupisha ripoti na kupanga takwimu zimeleta hoja mpya kwenye vikao vya bajeti: kwa nini tuendelee kupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, ilhali kazi ndogondogo tulizokuwa tukiwapa sasa zinamalizwa na kompyuta kwa dakika chache? Hoja hiyo ina sura ya hesabu, ndiyo maana wakuu wa idara wanaikubali haraka. Lakini hesabu yenyewe ilikuwa na kasoro tangu zamani, hata kabla programu hizo hazijaja. Kazi ndogondogo hazijawahi kuwa faida ya kumpokea mwanafunzi. Na posho, ambayo ndiyo hutajwa kwanza mtu anapotaka kukataa, kwa kawaida si mzigo mkubwa. Mzigo mkubwa ni saa za mtu mzoefu anayemsimamia mwanafunzi, na faida hujitokeza katika nusu ya pili ya mafunzo, kama muda uliopangwa unaifikia hiyo nusu ya pili. Akili mnemba haikubadilisha hata kimoja kati ya hivyo viwili. Kwa hiyo badala ya kuuliza tupokee au tusipokee, tuulize tupokee wangapi, kwa muda gani na kwa kazi ipi.

Mfumo huu si mgeni. Mwaka 1906 Herman Schneider alianzisha katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, utaratibu wa wanafunzi wa uhandisi kugawanywa makundi mawili: kundi moja darasani, jingine kiwandani, kisha wanabadilishana. Aliona kwamba kuna mambo ya uhandisi yasiyofundishika ubaoni, na kwa wenye viwanda mpangilio ule ulikuwa na maana kwa sababu mashine haikubaki bila mtu. Tangu wakati huo mafunzo kwa vitendo yameenea hadi kuwa sharti la kuhitimu katika kozi nyingi. Uingereza, kwa mfano, ilipoanzisha kozi za T Level, yaani kozi za ufundi za miaka miwili kwa vijana waliomaliza miaka 16, mwaka 2020 iliweka kiwango cha chini cha saa 315 za kuwa kazini. Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo namba 208 kuhusu uanagenzi bora, yaani mafunzo marefu ya kujifunza kazi kwa kuifanya. Nchi moja moja nazo zimeweka masharti yake: Marekani, tangu 2018, hutumia kipimo kinachouliza ni nani hasa anayenufaika na mafunzo, mwanafunzi au mwajiri, na Ufaransa humlazimu mwajiri kumlipa mwanafunzi anayekaa zaidi ya miezi miwili. Waajiri wengi huyasoma masharti ya namna hii wakitafuta neno moja tu, malipo. Wakiisoma sheria ya Ufaransa kwa utulivu wangekuta jambo jingine ambalo kwa maoni yangu lina uzito zaidi: msimamizi mmoja haruhusiwi kuwa na wanafunzi zaidi ya 3 kwa wakati mmoja, na ofisi yenye wafanyakazi 20 au zaidi haipokei wanafunzi wanaozidi asilimia 15 ya wafanyakazi wake. Aliyeweka kikomo hicho alijua kinachokwisha kwanza katika ofisi inayopokea wanafunzi. Fedha haziishi kwanza. Huanza kwisha muda wa watu.

Tuufanyie hesabu huo muda. Takwimu zinazofuata ni za mfano, na kila ofisi iweke zake, ila kwa kazi nyingi za ofisini na karakana hazitakuwa mbali sana na hali halisi. Kabla mwanafunzi hajafika, msimamizi hutumia kama saa 12 kujibu barua ya chuo, kupanga kazi, kuomba akaunti na ruhusa za mfumo, kutafuta meza, na kuwaeleza wenzake ni nani anakuja. Wiki ya kwanza anatumia saa 2 kila siku, jumla 10. Wiki ya pili saa moja na nusu kwa siku, yaani 7.5. Wiki ya tatu na ya nne saa 1 kwa siku, jumla 10. Kuanzia wiki ya tano nusu saa kwa siku inatosha, yaani saa 2.5 kwa wiki. Mwishoni ziongezwe saa 6 za kumpokea mhadhiri anayekuja kukagua, kusahihisha ripoti na kujaza fomu ya tathmini. Upande wa pili ni kazi anayoitoa mwanafunzi, ikipimwa kwa kulinganisha na mfanyakazi aliyezoea, kwa wiki ya saa 40: wiki ya kwanza sifuri, ya pili asilimia 10, ya tatu na ya nne asilimia 25, ya tano hadi ya nane asilimia 50, na baada ya hapo asilimia 60. Saa moja ya msimamizi tuihesabu kuwa na thamani ya saa mbili za kazi hiyo ya kawaida, maana yeye ndiye anayetegemewa kwa mambo mazito.

Sasa linganisha. Mafunzo ya wiki 4 yanamla msimamizi saa 45.5, ambazo kwa kipimo chetu ni 91, na mwanafunzi anarudisha 24. Ofisi imepoteza saa 67. Mafunzo ya wiki 8 yanakula saa 55.5, yaani 111, na yanarudisha 104, karibu yalingane. Mafunzo ya wiki 12 yanakula 65.5, yaani 131, na yanarudisha 200. Hapo ofisi imepata saa 69, ambazo ni zaidi ya wiki moja na nusu ya kazi ya mtu mzoefu. Mwanafunzi ni yuleyule na msimamizi ni yuleyule. Kilichobadilika ni kalenda. Ukitazama kwa makini utaona kwa nini: saa 12 za maandalizi na 6 za mwisho hulipwa zote hata mwanafunzi akikaa wiki mbili, na wiki mbili za kwanza ndizo ghali kuliko zote. Ofisi inayojisifu kwamba kwa mwaka imepokea wanafunzi 6 wa wiki 4 kila mmoja imelipa gharama ya kuanza mara 6 na haijafika kwenye mavuno hata mara moja. Wanafunzi 2 wa wiki 12 wangetumia jumla ileile ya wiki 24.

Hesabu hiyo inadhani kwamba mambo yamekwenda sawa, na mara nyingi hayaendi. Linaloharibu zaidi ni dogo na la kuchosha: ruhusa za mfumo. Mwanafunzi anafika Jumatatu, ombi la akaunti yake linatumwa Jumanne, linakaa kwa mtu wa teknolojia ya habari, linarudishwa kwa sababu halina namba ya utumishi, na kufikia wiki ya tatu bado anaketi kando ya mtu akimtazama anavyofanya kazi. Hapo ndipo mtu mwenye huruma humwazima nenosiri lake. Tangu siku hiyo kila kitu anachokigusa mwanafunzi kimeandikwa kwa jina la mwingine, na likitokea kosa kwenye rekodi hakuna anayeweza kusema ni nani aliyelifanya. Kinga yake ni rahisi: ombi litumwe siku 10 za kazi kabla, likiwa na tarehe ya kufunguliwa na tarehe ya kufungwa, na iwe ruhusa ya kusoma tu pale ambapo kuandika hakuhitajiki. Kosa jingine ni msimamizi kwenda likizo katikati ya mafunzo bila kuacha mbadala. Jingine ni kumwacha mwanafunzi awe wa kila mtu. Aliye wa kila mtu hutumwa na kila mtu, na Ijumaa anapofungua kitabu chake cha kumbukumbu hana la kuandika ila kwamba alitoa nakala.

Katika karakana makosa hayo hupata uzito mwingine. Mwanafunzi aliyefaulu somo la ukerezaji darasani anaweza kuja kazini na mikono mirefu ya shati, akasahau ufunguo wa kabali kwenye kabali ya mashine, yaani sehemu inayozunguka ikiwa imebana kipande kinachokerezwa, akawasha. Ufunguo huo hurushwa kama jiwe. Kwa hiyo siku ya kwanza haiwi siku ya kugusa kitu: anaonyeshwa swichi ya dharura iko wapi na anaibonyeza mwenyewe mashine ikiwa imezimwa, anavaa miwani ya kinga, anafunga nywele na kukunja mikono ya nguo, kisha anamtazama fundi akifunga kipande, akitoa ufunguo na kuurudisha mahali pake kabla ya kufikia swichi. Kesho yake anafanya yeye huku fundi amesimama upande wa swichi. Utaratibu huo unakula saa 3 au 4, nazo zimo ndani ya zile saa 10 za wiki ya kwanza. Anayezikata ili aokoe muda anabadilisha saa 4 kwa kidole cha mtoto wa watu. Suala la bima nalo liandikwe kabla: mkataba wa pande tatu, yaani chuo, ofisi na mwanafunzi, useme wazi ni nani anayelipa matibabu ikitokea ajali. Bima ya wafanyakazi mara nyingi humhusu mwajiriwa, na mwanafunzi anaweza kukuta hayumo kabisa.

Ukiacha saa zinazorudi, kuna faida mbili ambazo vikao vya bajeti huzisahau kwa sababu hazina mstari wake kwenye jedwali. Ya kwanza ni kumjua mtu. Usaili wa dakika 45 unaonyesha namna mtu anavyojibu maswali. Wiki 12 zinaonyesha kama anafika kwa wakati, kama anauliza anapokwama au anaficha, kama anarudia kosa aliloelekezwa, na anafanya nini saa kumi jioni kazi inapobaki kidogo. Kuajiri mtu asiyefaa ni hasara ya miezi, maana unalipa mshahara, unalipa muda wa wanaosahihisha makosa yake, kisha unatangaza nafasi upya. Ya pili ni maandishi. Mwanafunzi mgeni huuliza "kwa nini tunafanya hivi?" mahali ambapo wenyeji walishaacha kujiuliza, na akipewa jukumu la kuandika hatua za kazi atakayoifanya, ofisi inabaki na mwongozo ambao haikuwahi kuwa nao. Mwongozo wa kurasa 4 wa namna ya kufunga hesabu za mwezi, uliojaribiwa na mtu asiyejua kitu, una thamani siku ile mhasibu mmoja anapougua.

Uzoefu wa uanagenzi barani Ulaya unaunga mkono sehemu hii ya hoja. Uswisi na Ujerumani zote zina mfumo wa kijana kugawa wiki kati ya shule na kazi, na nchi zote mbili zimefanyia mfumo huo tathmini za gharama na faida mara kadhaa. Kwa wastani kampuni za Uswisi hurudisha gharama zao mwanagenzi akiwa bado anajifunza, ilhali za Ujerumani hubaki na gharama halisi mpaka mafunzo yanapoisha, na hufidiwa baadaye kwa kumwajiri kijana waliyemlea. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na ujira, na sehemu nyingine inatokana na aina ya kazi: ambako mwanagenzi hutumia siku nyingi zaidi kwenye kazi zenye matunda, badala ya mazoezi ya kujifanyia, hesabu hugeuka. Uanagenzi wa miaka 3 au 4 si sawa na mafunzo ya wiki 12, hilo nalikubali. Lakini nguvu inayoendesha hesabu ni ileile, yaani muda na kazi ya kweli.

Wanaopinga kupokea wanafunzi wana hoja kadhaa, na hazilingani uzito. Hoja ya siri za ofisi ni ya haki: mwanafunzi ana marafiki, ana simu, na ripoti yake itasomwa chuoni na watu msiowajua. Inajibika kwa kumpa taarifa zilizofutwa majina, kumtaka asaini ahadi ya kutunza siri, kumpa kompyuta ya ofisi asitumie mpakato wake, na msimamizi kuisoma ripoti kabla haijakabidhiwa. Hoja ya ofisi ndogo yenye watu 5 ni nzito zaidi. Kwao saa 10 za wiki ya kwanza ni robo ya wiki ya mtu mmoja kati ya watano, na kama huyo mmoja ndiye anayeonana na wateja, kazi inasimama. Ofisi ya namna hiyo ikikataa haijakosea. Inaweza pia kuomba mwanafunzi mmoja tu, katika msimu wake wa utulivu, na chuo kikaheshimu hilo.

Hoja dhaifu kuliko zote upande huo ni ile ya "tunawafundisha halafu wanachukuliwa na wengine." Mafunzo ya wiki 8 au 12 si uwekezaji mkubwa wa kumlilia mtu akiondoka; kama yamepangwa vizuri, saa zimesharudi kabla hajaaga. Tena anayemchukua anamchukua kwa kubahatisha, akitegemea cheti na usaili, wakati ninyi mmemwona akifanya kazi. Mnaojua ni ninyi. Kama mlimwona anafaa na mkakaa kimya miezi 6 bila kumpa hata barua ya kumwonyesha kwamba mngemtaka, aliyemchukua hakuwaibia kitu.

Upande wa wanaounga mkono nao una hoja yake mbovu, na inafaa isemwe bila kuzungushwa: kwamba wanafunzi ni nguvukazi ya bure. Hesabu yetu imeshaonyesha kwamba kwa wiki 4 si ya bure hata kidogo. Zaidi ya hapo, anayempokea mwanafunzi ili azibe nafasi ya mtu aliyeacha kazi hupata hasara mara mbili, kwa kuwa nafasi yenye majukumu haisubiri mtu ajifunze, na makosa ya mtu asiyesimamiwa husahihishwa na walewale waliokuwa wamezidiwa tayari. Kisheria pia ni hatari. Pale ambapo mahakama au wakaguzi wa kazi huuliza nani ananufaika, mwanafunzi aliyefanya kazi ya mwajiriwa bila kufundishwa anaweza kuonekana kuwa mwajiriwa, na malipo yakadaiwa. Na nauli pamoja na fedha ya kujikimu si hisani. Bila hizo, wanaoweza kuja ni wale tu ambao wazazi wao wanaweza kuwalipia, na ofisi imejinyima kuwaona wengine wote.

Turudi kwenye akili mnemba. Kufupisha ripoti, kupanga majina, kuandika rasimu ya barua: ni kweli kompyuta inafanya. Lakini mwanafunzi alipopewa ripoti ya kurasa 40 aifupishe, ofisi haikuwa na shida kubwa ya ule muhtasari. Alikuwa anaingizwa ndani ya jalada, ajue nani anaandikiana na nani, takwimu zinatoka wapi, neno gani lina maana gani hapa. Njia ile sasa haipo, na inabidi itafutwe nyingine, la sivyo miaka michache ijayo hatutakuwa na watu wanaoweza kujua kompyuta imekosea wapi. Njia ninayoiona ina matunda ni kumpa mwanafunzi muhtasari ulioandikwa na programu pamoja na ripoti yenyewe, na kumwambia aweke kando ya kila tarakimu namba ya ukurasa ilikotoka. Pasipo na ukurasa, aandike "haipo." Pakiwa na tofauti, aandike zote mbili. Muhtasari wa kurasa 2 wenye tarakimu 30 humchukua asubuhi nzima, na msimamizi huukagua kwa dakika 15 kwa kuchagua tarakimu 5 na kuzifuatilia mwenyewe. Ofisi inapata kitu inachokihitaji kwa dhati, kwa sababu programu hizi huweza kubuni tarakimu kwa lugha ileile ya kujiamini. Mwanafunzi naye amesoma ripoti nzima kwa makini kuliko alivyowahi kusoma yeyote aliyepewa kuifupisha.

Hicho ndicho kipimo cha kazi inayofaa kwa mwanafunzi: iwe inahitajika, isiwe inasubiriwa kesho asubuhi, na iweze kukaguliwa kwa muda mfupi kuliko uliotumika kuifanya. Kulinganisha orodha ya mali na vitu vilivyopo stoo inafaa. Kuandika hatua za kuwasha na kuzima mashine inafaa. Kutengeneza lahajedwali jipya la kukokotoa mishahara haifai, kwa sababu atakapoondoka kila mtu ataogopa kugusa kanuni zilizomo ndani yake, na hakuna atakayejua kama ziko sahihi.

Kuna pingamizi moja dhidi ya msimamo wangu ambalo silioni kuwa jepesi. Tukipokea wachache kwa muda mrefu, wengine watakosa nafasi, na kwa mwanafunzi ambaye bila mafunzo hawezi kuhitimu, wiki 4 za kutoa nakala ni bora kuliko kukosa kabisa. Ni kweli kwake. Lakini sharti linalotimizwa kwa kutoa nakala limeshapoteza maana yake, na mzigo wa kulirekebisha uko zaidi kwa vyuo kuliko kwa ofisi. Vyuo vinapotoa wanafunzi wote mwezi mmoja, ofisi hufurika wakati huo na kubaki tupu miezi mingine. Wakipishanishwa kwa makundi, kama ilivyofanyika tangu 1906, meza moja na msimamizi mmoja vinaweza kuhudumia wanafunzi 3 wa wiki 12 kwa mwaka, mmoja baada ya mwingine, na yule anayeondoka akakaa wiki yake ya mwisho pamoja na anayeingia. Wiki hiyo moja ya kukabidhiana hupunguza sana zile saa 10 za mwanzo, kwa kuwa majibu ya maswali mengi ya mgeni, yule anayeondoka anayajua.

Linabaki jambo la ulinzi, nalo linahusu gharama pia, ingawa ningelisema hata kama lisingehusu. Anayejaza fomu ya tathmini ana mamlaka juu ya cheti cha mtu, na mamlaka hayo hutumika vibaya, ikiwa ni pamoja na kudai ngono. Kila mwanafunzi apewe siku ya kwanza majina mawili nje ya msimamizi wake, moja la ofisini na moja la chuoni, pamoja na namba zao. Tathmini isainiwe na watu wawili. Mikutano ya kumwelekeza ifanyike saa za kazi, mahali panapoonekana.

Ofisi iliyokwisha kupiga hesabu yake ikaona haina msimamizi wa kumtaja kwa jina, wala kazi moja ya kumpa, ijibu barua ya chuo kwa hapana, na ijibu wiki 8 kabla, wakati mwanafunzi bado ana muda wa kubisha mlango mwingine.